Safu ya Mwisho Usiijaze Asubuhi

Satellite, Jumapili jioni

Kageha wangu,

Umeenda kuagwa na kwaya, na kwa jinsi ninavyoijua kwaya yenu, haijawahi kuaga mtu kwa wimbo mmoja, kwa hiyo nina muda. Begi lako kubwa liko mlangoni. Guku yako, mama yangu mimi, amelikalia lile dogo akisema ndiyo njia pekee ya kulifunga zipu, na kila nikitaka kumsaidia kuinuka ananiambia nimwache, yuko kazini.

Sitakuandikia habari za neti, maji ya kuchemsha wala kofia ya jua. Hayo tumeyasema mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza. Kesho unaenda kuanza kazi Lodwar, nami nitakusindikiza tao, mjini, hadi kwenye basi, na najua pale sitaweza kusema ninalotaka kusema. Nitakuwa nagombana na watu wa mizigo, wewe utakuwa unaona haya kwa ajili yangu, na basi litaondoka. Ndiyo maana naandika.

Nina jambo moja tu. Wiki iliyopita tukiwa mezani ulitusimulia mambo ya intaniship, yale mafunzo yako ya wodini. Ulikuwa na raha, na mimi nilikuwa na raha kukuona una raha. Ukasema, "Mum, siku hizi nimejua kazi. Hizo mipango za wagonjwa mi hujaza zote asubuhi, hadi ile safu ya mwisho. Saa nne niko chai." Ukaongeza, "Kwani nani husoma hizo vitu?" Baba yako akacheka, kwa sababu yeye ni fundi wa magari na kwake safu zote ni safu.

Mimi na wewe tunajua. Kwenye mpango wa uuguzi tunaandika shida ya mgonjwa, tunaandika tunataka nini kitokee, tunaandika tutafanya nini, halafu baada ya kufanya tunarudi kitandani kuangalia kama kimetokea. Hiyo ndiyo safu ya mwisho, ya tathmini. Ukiijaza asubuhi umeandika matokeo ya mechi wakati wachezaji bado wanafunga kamba za viatu.

Sikukujibu. Nilikuongezea ugali, nawe ukadhani nimechoka. Nilinyamaza kwa sababu Guku alikuwa ameketi mkabala nawe, ameunyoosha ule mguu unaovaa kiatu kilichokatwa nyuma. Na nilinyamaza kwa sababu ulichokisema nimekuwa nikikijua tangu zamani. Mimi ndiye niliyekitunga.

Ulikuwa darasa la pili nilipofanywa msimamizi wa wodi. Bado tulikuwa Kangemi, kwenye kile chumba ambacho ukikaanga omena wapangaji wa ploti nzima wanajua. Guku alikuwa akiuza mboga za kienyeji sokoni, mrenda na saga na managu, na ni kwa mboga hizo alinisomesha mpaka nikavaa sare nyeupe. Siku nilipopewa cheo aliwatangazia wateja wake wote, na aliyechelewa kumpongeza hakupewa nyongeza.

Muda si muda tukaambiwa wakaguzi wa ubora wanakuja. Nikauliza wanaangalia nini. Nikaambiwa wanafungua mafaili na kutazama kama mpango wa kila mgonjwa umejazwa safu zote. Wodi yetu ilikuwa na wagonjwa wengi na manesi wachache, na ilikuwa kawaida jioni kutukuta safu ya mwisho ikiwa tupu kwenye kila faili. Si kwamba hatukumjali mgonjwa. Miguu ilikuwa imetuishia nguvu.

Basi nikajiona mwerevu. Niliwakusanya wanafunzi waliokuwa wameletwa kwetu kujifunza kazi, nikawaambia wajaze safu zote asubuhi, pamoja na ile ya mwisho, wakiwa bado na nguvu. Na kwa kuwa wengi hawakujua waandike nini, nikawatungia sentensi. Niliiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi nikaibandika ukutani juu ya meza ya manesi: Ngozi nzima, maumivu yamepungua, mgonjwa anaendelea vizuri. Ilikuwa sentensi safi. Ungeweza kumwandikia mgonjwa yeyote, wa kitanda chochote, siku yoyote, na wakati ule nilidhani huo ndio uzuri wake.

Tulipita ukaguzi tukawa wa kwanza. Tukapewa cheti, tukanunua soda na keki, nikapigwa picha katikati ya manesi wangu nikiwa nimekishika cheti kama mtoto mchanga. Ni ile picha uliyowahi kuniuliza kwa nini inakaa nyuma ya televisheni.

Miaka ikaenda. Ulikuwa bwenini, kidato cha kwanza, Guku alipoteleza kwenye mtaro wa soko akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali nyingine, si yangu. Wakamfanyia upasuaji, wakamwekea chuma, wakamrudisha kitandani na kusema apone polepole. Nilimpelekea soksi. Unajua asivyoiweza baridi. Zilikuwa za sufu, nene, za bluu, na nilizichagua mwenyewe kwenye mitumba pale Kangemi. Nikamvalisha, nikamfunika vizuri, nikaondoka nikihisi nimetimiza wajibu wa mtoto kwa mama.

Kila nilipokwenda kumwona nilikuwa naomba faili. Manesi walijua mimi ni mwenzao, wananipa. Nafungua mpango. Mgonjwa hawezi kujigeuza, yuko katika hatari ya kupata vidonda vya kulalia. Lengo, ngozi ibaki nzima. Hatua, ageuzwe kila baada ya saa mbili, visigino viinuliwe kwa mto, ngozi ikaguliwe. Na kwenye safu ya mwisho, kwa mwandiko mzuri wa duara: Ngozi nzima, maumivu yamepungua, mgonjwa anaendelea vizuri.

Kageha, unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Niliitambua sentensi yangu, nikauliza ni nani ameandika, wakaniambia ni Sista Mwende. Mwende alikuwa mwanafunzi wangu, msichana mwembamba mwenye bidii, aliyekuwa akinikimbilia na kalamu kila nikifungua mdomo. Nikajisemea, huyu tulimfunza akafunzika. Nikarudisha faili, nikamshika Guku mkono, nikaenda zangu kazini. Nilifanya hivyo siku baada ya siku. Nesi wa miaka mingi, tena mtoto wake wa kumzaa, na sikuwahi kuzivua zile soksi nilizomvalisha kwa mikono yangu, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba ngozi ni nzima.

Asubuhi moja nilipita mapema kabla ya zamu yangu ili nimwogeshe. Nilisoma faili kwanza, kama kawaida. Safu ya mwisho ilikuwa imeshajazwa, na pembeni yake imeandikwa jioni. Ilikuwa jioni ya siku hiyohiyo, na sisi hata chai ya asubuhi hatujanywa. Nikaliweka faili kitandani, nikaanza kuvua soksi ya mguu wa kulia. Ilishika. Nikailowesha kwa maji ya vuguvugu, nikaitoa kidogo kidogo. Sitakueleza nilichokiona. Wewe ni nesi, unajua kisigino kilichooza kinafananaje.

Guku hakulia. Alishika chuma cha kitanda tu. Nikamuuliza kwa lugha yetu, mbona hukusema? Akanijibu, na hakuwa na hasira hata kidogo, "Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nawasikia mkisema naendelea vizuri. Nikadhani labda kuendelea vizuri ndiko huku."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuona mbele ya mtu yeyote. Mama aliyenibeba mgongoni akiwa na beseni la mboga kichwani alikuwa anaoza mguu huku akituamini sisi wasomi wake.

Mwende akaingia akisukuma kigari cha dawa. Nilikuwa tayari kumrarua. Nikamwonyesha faili, nikamuuliza, "Hii ya jioni umeandika saa ngapi?"

"Asubuhi, madam."

"Na ya jana?"

"Pia asubuhi." Kisha akakiona kile kisigino, akafunika mdomo kwa mkono. "Woiye, madam, pole. Mimi niliandika tu vile ulitufunza."

Hakusema kwa ujeuri. Wala hakuwa ananilaumu. Alikuwa anajieleza kwa mtu pekee duniani aliyedhani atamwelewa. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu nilimlea mimi, kwa karatasi ya ukutani. Hasira zote zikaniisha nikabaki sina pa kuzipeleka. Tukanawa mikono, tukamsafisha Guku pamoja, mmoja ameshika mguu na mwingine anafunga bandeji, na hatukusemezana zaidi ya "vuta" na "shika hapa".

Nyonga iliunga vizuri, hata daktari alisifu. Kisigino ndicho kilichomtoa Guku sokoni. Wewe tulikuambia ni uzee, na mwenyewe husema hivyo akiulizwa, kwa sababu hapendi kunitia aibu. Si uzee. Angekuwa bado anakaa pale na kitambaa chake kichwani, akiwakaripia wanaovunjavunja mrenda wake ili kuona kama ni laini. Alipenda ile kazi. Nilimnyang'anya mimi, kwa sentensi ya maneno machache, na ninataka ulijue hilo kabla hujapanda basi.

Nilirudi wodini kwangu nikaibandua ile karatasi. Nilidhani inatosha. Nikatangaza kwamba kuanzia siku ile asiyekagua mgonjwa asiandike kitu. Na hapo nikafanya kosa la pili, ambalo sina hakika kama ni dogo kuliko la kwanza. Kila asubuhi nilichukua faili, nikasoma kwa sauti mbele ya wote kilichoandikwa, kisha nikamfunua mgonjwa kuonyesha uongo. Nilikuwa na uchungu wa Guku kifuani na nikautumia kama fimbo. Siku moja nesi mmoja, Atieno, mwanamke mzima mwenye watoto wake, alijifungia kwenye stoo ya mashuka akalia. Nikajisifu kwamba sasa somo limeingia.

Liliingia kweli, ila si lile nililodhani. Walichojifunza ni kudanganya kwa ustadi zaidi. Sentensi moja ikawa sentensi za kila namna, kila mgonjwa akawa na uongo wake wa kushonewa. Na hakuna aliyegeuzwa hata mara moja zaidi ya zamani. Ni Atieno aliyenifumbua macho. Siku ile alipofungua mlango nilimfuata ndani ya ile stoo nikiwa na hotuba yangu tayari, akanikata kabla sijaanza.

"Sista, ukitaka ukweli kwa hiyo faili, kwanza wacha kutuchoma mbele ya watu. Jana usiku nilikuwa peke yangu hii wodi yote. Ningegeuza nani niwache nani? Na nikiandika sikugeuza, si ni mimi utasoma asubuhi?"

Nilikaa juu ya furushi la mashuka. Jibu lilikuwa ndiyo.

Tulianza upya, na safari hii niliwauliza wao tuanzeje. Tukakubaliana kwamba zamu zikipokezana, anayetoka na anayeingia watembee pamoja kitanda kwa kitanda, wafunue blanketi, wavue kinachovulika, wamuulize mgonjwa, ndipo waandike wakiwa wamesimama hapohapo. Jambo ambalo halikufanyika, tuandike halikufanyika, na kwa nini. Mimi nikaacha kusoma kwa sauti. Kila asubuhi nikawa nauliza swali moja tu: jana tulishindwa wapi? Mwanzo waliliangalia swali hilo kama mtego. Basi nikaanza kujijibu mwenyewe. Niliwasimulia habari ya soksi za bluu, yote, hadi pale niliposoma nikafurahi. Atieno akasema alipokwama usiku ule, na baada yake mwingine, na mwingine.

Usidhani malaika waliimba. Wakaguzi waliporudi walikuta mafaili yamejaa "halikufanyika". Kutoka kwa kwanza tulishuka mpaka sikutaka kuuliza. Matroni, mkuu wa manesi wote, aliniita ofisini.

"Sista, unajiharibia jina. Si ungejaza tu kama wengine?"

Nikamwambia, "Madam, usiangalie ni mara ngapi. Angalia ni lini." Nikamfungulia faili moja, la pili, la tatu. Kila "halikufanyika" lilikuwa la usiku, kwenye zile zamu za nesi mmoja. Akavua miwani, akasema, "Niachie haya." Sitakudanganya kwamba kesho yake tuliletewa watu. Ilichukua kelele nyingi na barua nyingi, na nilikwenda kwenye ule mlango wa ofisi mpaka mlinzi akaanza kuniuliza habari za watoto. Lakini tulipewa msaidizi wa usiku, na tukaruhusiwa kuwafunza jamaa wa wagonjwa kugeuza watu wao wanapokuja kuwaona na uji. Vidonda vikapungua. Havikuisha, usidanganywe na mama yako. Ila wakati safu zetu zilikuwa zimejaa na kupendeza hakuna aliyetuletea hata mtu mmoja wa kutusaidia, na unaona mwenyewe kwa nini.

Mwaka uleule niliomba kazi kwenye hospitali moja ya binafsi Westlands. Nilikuwa nimechoka na niliitamani ile sakafu inayong'aa. Wakaniuliza kwa nini maksi za wodi yangu zimeanguka. Nikawaeleza yote, tangu karatasi ya ukutani hadi soksi. Wakanishukuru sana, wakaniambia watapiga simu. Baba yako husema labda walipoteza namba. Niliumia, na niliteremka hadi Kangemi nikakaa kwa Guku bila kusema kitu, na yeye akanipa mboga nichambue. Ningeulizwa tena leo ningejibu vilevile.

Nisikuandikie kana kwamba kila tathmini ni kidonda. Kuna nyingine zinachekesha. Tulikuwa na mzee mmoja, soja, mlinzi wa jengo la ofisi huko Westlands, sukari imempanda. Mpango ulisema afunzwe kuhusu chakula. Akafunzwa. Safu ya mwisho ikaandikwa: ameelewa. Nikaketi kando yake nikamuuliza, "Mzee, umeelewa?"

"Nimeelewa sana, sista."

"Haya, kesho ukitoka utakula nini?"

"Ugali, kama kawaida. Hiyo haina sukari. Chai nitakunywa strungi, bila maziwa. Na soda nitapunguza, moja tu asubuhi na moja jioni."

Wodi nzima ilicheka, yeye akiongoza. Hatukuwa tumemfunza kitu, tulikuwa tumemsomea. Tukaukata ule mpango, tukamwita mkewe, maana ndiye anayesonga huo ugali, tukaanza tena na sahani ya kweli mbele yetu. Nami tangu hapo sikubali neno "ameelewa" mpaka mgonjwa anieleze mimi.

Basi ndiyo hayo, Kageha. Unaenda mahali ambapo usiku mwingi utakuwa nesi peke yako. Hutakuwa na mimi, wala mwalimu, na mkaguzi atakuja mara moja moja akiwa na vumbi la safari na haraka ya kurudi. Faili likisema ngozi ni nzima, dunia nzima itaamini ni nzima. Nimekupa mengi katika maisha yako, na mengine hukuyataka, kama hii pua. Ile sentensi nataka unirudishie. Iache hapa Satellite. Usiivushe Kitale, njiani kwenda Lodwar.

Utachoka, najua, na kuna jioni utafika kwenye safu ya mwisho huna cha kuandika kwa sababu hukufika kitandani. Andika hivyo. Itakuuma, na pengine utaitwa ofisini. Nenda, ukiwa na mafaili yako mkononi, umwonyeshe aliyekuita ni lini ilikuwa hivyo. Kuna siku nyingine utakuwa umefanya kila kitu kama kilivyopangwa na mgonjwa bado anaumwa vilevile. Hapo hujashindwa wewe. Mpango ulikuwa ubashiri wetu tu, na mwili wa mtu haujasoma tulichoandika. Ukate, uandike mwingine. Na utawakuta wenzako wanaojaza asubuhi. Usiwadharau na usiwasomee kwa sauti. Waulize walikwama wapi, kisha uwasaidie kugeuza. Mimi nilijaribu ile njia nyingine na ilinigharimu machozi ya watu wazuri.

Na ukimaliza yote, muulize mgonjwa. Kuuliza si ujinga, tuliambiwa tangu chekechea, lakini ukivaa sare unasahau. Muulize anaumwa wapi, halafu nyamaza mpaka ajibu.

Nilisema nina jambo moja, na nimegundua yapo mawili. La pili ni gumu zaidi kwangu. Kidato cha pili, mwalimu wako alinipigia simu kwamba huli na hutaki kuongea na mtu. Nikaomba nizungumze nawe. Nikakuuliza, "Uko sawa?" Ukasema, "Niko sawa, Mum." Ilikuwa saa ya kupokezana zamu, nilikuwa nimesimama, nikafurahia jibu lile kama nilivyofurahia faili la Guku. Shangazi zako waliponiuliza nikawaambia unaendelea vizuri. Sikuja kukuona mpaka shule zikafungwa, na ulipofika nyumbani nguo zilikuwa zinakuning'inia. Hukuwahi kuniambia kilikuwa nini na mimi sikuwahi kukuuliza tena. Niliogopa kuivua hiyo soksi. Nisamehe, mwanangu. Siku ukitaka kuniambia, hata iwe kwa simu, hata iwe saa mbaya, nitakuwa nimekaa.

Nasikia sauti zenu huko njiani, mmerudi na kwaya nzima na bado mnaimba. Guku amefaulu kulifunga begi. Amekataa kuniambia ameweka nini ndani, ila katika soksi zangu zote siioni hata moja.

Ukifika Lodwar usiniandikie asubuhi kwamba unaendelea vizuri. Hutakuwa unajua bado. Ngoja jioni, utoke wodini, uketi, uvue viatu, ujitazame. Kama umelia, niandikie umelia. Nitasoma, halafu nitakupigia nikuulize.

Mama yako